Kaunti 47, inayokubaliwa moja: uchambuzi wa kisa cha mistari isiyolingana

Programu ilikuwa fupi, yote inaenea kwenye skrini ya laptopu. Kazi yake ilikuwa kusoma orodha ya kaunti 47 za Kenya kutoka faili la maandishi, kaunti moja kwa kila mstari, kisha kupokea jina la kaunti na kusema kama limo kwenye orodha. Ukiandika Kisumu, inajibu haipo. Kwale, haipo. Lamu, Bomet, Wajir, zote hazipo. Ukiandika Nairobi City, ipo.

Kijana aliyeiandika anafanyia kazi shirika dogo la Pwani linalopokea ripoti kutoka kwa watu wa kujitolea walioko kaunti mbalimbali. Ripoti zote zilikuwa zinatupwa isipokuwa za Nairobi. Aliponipigia simu alikuwa ameshatoa hukumu: "Kaka, faili limeharibika." Faili lilikuwa zima. Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu orodha ile moja ilibeba karibu kila mtego unaomnasa mtu anayelinganisha maandishi aliyoyasoma kutoka kwenye faili, na kila mtego ulikuwa na mstari wake.

Huu ndio msimbo ulivyokuwa, kwa lugha ya Python:

```
kaunti = []
with open("kaunti.txt") as faili:
    for mstari in faili:
        kaunti.append(mstari)

jina = input("Kaunti: ")
if jina in kaunti:
    print("Ipo")
else:
    print("Haipo")
```

Ukiusoma haraka huoni tatizo. Hata ukiusoma polepole.

Mstari wa mwisho

Wengi wangeikimbilia Kisumu wajue ina nini. Mimi niliiangalia Nairobi City kwanza, maana kitu kimoja kinachofanya kazi katikati ya vingi vilivyokwama huwa kimeshika siri ya vyote. Orodha ilifuata mpangilio wa Jedwali la Kwanza la Katiba ya 2010, ambamo Mombasa ni ya kwanza na Nairobi City ni ya 47. Nairobi City, basi, ilikuwa mstari wa mwisho wa faili, na baada yake hapakuwa na kitu.

Kwenye diski hakuna mistari. Kuna baiti zilizofuatana, na pale mstari unapoishia pamewekwa alama ya mstari mpya, baiti yenye thamani 10. Python inapopitia faili mstari kwa mstari hukukabidhi kila mstari pamoja na alama hiyo. Kuna sababu: kama ingeifuta, mstari mtupu katikati ya faili ungefanana na mwisho wa faili, na programu isingejua iendelee au ikome. Lakini `input` inafanya kinyume. Inapokea alichoandika mtu, inaondoa alama iliyotokana na kitufe cha Enter, ndipo inakupa. Upande mmoja wa ulinganisho kulikuwa na `Kisumu\n`, alama saba (`\n` ndiyo alama ya mstari mpya). Upande wa pili `Kisumu`, alama sita. Nairobi City peke yake haikuwa na mkia, kwa kuwa aliyechapa orodha hakubonyeza Enter baada ya jina la mwisho.

Dalili ilikuwapo hata kabla ya kufungua msimbo. Amri ya `wc -l` kwenye Linux ilisema faili lina mistari 46. Amri hiyo huhesabu alama za mstari mpya tu, na mstari wa 47 haukuwa nayo. Kijana aliiona namba hiyo akadhani kaunti moja imesahauliwa, akakaa kuihesabu orodha kwa kidole.

Alikuwa pia amejaribu tiba kadhaa, na nazitaja kwa sababu nazikuta kwa watu wengi. Kwanza aliichapa orodha upya kwenye laptopu yake ya Ubuntu kwa kutumia nano, kihariri cha maandishi. Sasa hata Nairobi City ikakataliwa! Nano hufunga mstari wa mwisho kwa alama ya mstari mpya bila kukuuliza, kwa hiyo kaunti ya pekee iliyokuwa haina mkia ikaota wake. Alirudi kwenye faili la awali akiamini kwamba kuchapa upya kunazidisha ugonjwa.

Tiba ya pili ilikuwa hatari zaidi, kwa sababu ilionekana kufaulu. Badala ya kuuliza kama jina liko kwenye orodha, aliuliza kama jina limo ndani ya mstari: `if jina in mstari`. `Kisumu` imo ndani ya `Kisumu\n`, kwa hiyo ikakubaliwa. Zikakubaliwa karibu zote. Nilimwomba abonyeze Enter bila kuandika chochote, na programu ikajibu "Ipo". Stringi, yaani mfuatano wa herufi, ikiwa tupu imo ndani ya kila stringi. Herufi `a` nayo ilikuwa kaunti, na `River` pia.

Tiba ya tatu ni ile inayofundishwa na watu wenye haraka: kukata alama ya mwisho ya kila mstari kwa `mstari[:-1]`. Hapo kaunti nyingi zilipona na Nairobi ikaugua. Haikuwa na mkia wa kukatwa, kwa hiyo ilikatwa herufi, ikabaki `Nairobi Cit`. Kinachotakiwa ni `mstari.rstrip("\n")`, ambayo huondoa alama ya mstari mpya kama ipo na isipokuwapo huliacha jina lilivyo.

Nifungue mabano kidogo kwa wanaotumia lugha nyingine, maana mtego huu hubadilisha sura. Katika C, `fgets` nayo huacha alama ya mstari mpya ndani ya stringi, na juu ya hapo `==` hulinganisha anwani za kumbukumbu; herufi zenyewe hazitazamwi, kwa hiyo unahitaji `strcmp`, ambayo hurudisha sifuri pale stringi zinapolingana. Anayeandika `if (strcmp(a, b))` akidhani ameuliza kama zinalingana, ameuliza kama zinatofautiana. Katika Java, `readLine` ya `BufferedReader` inaondoa alama ya mstari mpya yenyewe, lakini `==` kati ya stringi mbili huuliza kama ni kitu kilekile kwenye kumbukumbu. Stringi iliyosomwa kutoka faili ni kitu kipya, kwa hiyo jibu huwa hapana hata herufi zikilingana zote. Inayotakiwa ni `equals`. Kinachowachanganya wanafunzi ni kwamba stringi mbili zilizoandikwa moja kwa moja ndani ya msimbo wa Java huweza kupita kwa `==`, kwa sababu Java huzihifadhi mara moja tu. Jaribio linafaulu darasani, likiletewa faili linaanguka.

Mstari wa kwanza

Baada ya `rstrip`, kaunti 43 zilikubaliwa. Zilibaki nne: Mombasa, Tharaka-Nithi, Murang'a na Homa Bay. Kwenye skrini zilionekana sawasawa, na kijana alikuwa ananionyesha kwa kidole: hii hapa Mombasa, na hii hapa Mombasa.

Macho hayafai kwa kazi hii. Yanasoma umbo la herufi, na kompyuta inalinganisha namba zilizo nyuma ya umbo hilo. Python ina fanksheni mbili za kuyaona yaliyofichika. Watu wanaijua zaidi `repr`, lakini mimi napendelea `ascii`, kwa sababu `repr` huonyesha waziwazi alama zisizochapika tu, na alama inayochapika vizuri lakini siyo uliyodhani huiacha ikuchekee. Tulichapisha mistari iliyokuwa inakataliwa, pamoja na jirani zake, kwa `print(ascii(mstari))`:

```
'\ufeffMombasa\n'
'Kwale\n'
'Tharaka \u2013 Nithi\n'
'Murang\u2019a\n'
'Homa\xa0Bay\n'
'Nairobi City'
```

Kijana alicheka. Kilio cha siku nzima kilikuwa kimeandikwa pale chote.

Tuanze na Mombasa. Ile `\ufeff` iliyotangulia ni alama ya utambulisho wa usimbaji (namna herufi zinavyogeuzwa kuwa baiti), inayowekwa mwanzoni mwa faili. Katika usimbaji uitwao UTF-8 inachukua baiti tatu: EF, BB, BF. Haionekani kwenye skrini, haina upana, na inagusa mstari wa kwanza pekee, ndiyo maana katika orodha inayoanza na Mombasa ni Mombasa inayoumia. Ingekuwa orodha ya alfabeti, angelia Baringo. Notepad ya zamani ilikuwa inaiweka kila unapochagua kuhifadhi kwa UTF-8, na tabia hiyo ilibadilishwa katika Windows 10 toleo la 1903, la mwaka 2019, ambapo chaguo la kawaida likawa UTF-8 bila alama hiyo. Kompyuta ya ofisi iliyochapiwa orodha ilikuwa ya Windows 7. Wenye mashine mpya wasijione wamepona: Excel ukiiambia ihifadhi CSV (jedwali la maandishi matupu) ya UTF-8 bado inaiweka.

Usitegemee `strip` hapa. Inaondoa nafasi nyeupe za pembeni, na `\ufeff` haihesabiwi kuwa nafasi nyeupe. Tiba ni kulifungua faili kwa `encoding="utf-8-sig"`, ambayo huila alama hiyo ikiwapo na isipokuwapo haidhuru kitu.

Kutaja usimbaji kulitusaidia na jambo jingine. Tulipoichukua programu ya awali na kuiendesha kwenye kompyuta ileile ya ofisi, Mombasa ilitoka `ï»¿Mombasa` na Murang'a ikatoka `Murangâ€™a`. Msimbo uleule, faili lilelile, matokeo mengine. Python kwenye Windows, usipoiambia usimbaji, ilikuwa inachukua ule wa mfumo, ambao kwa mashine nyingi za huku ni Windows-1252. Baiti tatu za ritifaa (alama ya ' kwenye ng') iliyopinda, E2 80 99, zikasomwa kama alama tatu tofauti. Ukiona `â€™` mahali popote, kwenye risiti, kwenye ujumbe wa benki, kwenye jina la mtu juu ya cheti, ujue kuna UTF-8 iliyosomwa kwa miwani ya mtu mwingine.

Mistari ya katikati

Homa Bay ndiyo iliyokuwa nyepesi. Kati ya Homa na Bay hapakuwa na nafasi ya kawaida, bali nafasi isiyokatika, U+00A0 (U+ hutangulia namba ya alama katika Unicode, orodha ya alama za maandishi ya dunia), inayotumika ili maneno mawili yasitenganishwe mwisho wa mstari. Huingia pale jina linaponakiliwa kutoka ukurasa wa tovuti. Python huihesabu kuwa nafasi nyeupe, kwa hiyo `strip` ingeiondoa kama ingekuwa pembeni. Hii ilikuwa katikati. Wa Java wana shida zaidi: `trim` haiigusi, na hata `strip` iliyoletwa na Java 11 haiigusi, kwa sababu Java haiihesabu nafasi isiyokatika kuwa nafasi nyeupe.

Tharaka-Nithi ilikuwa imechapwa kwenye Word kwa kuacha nafasi kabla na baada ya kistari, na Word ikakirefusha kistari hicho kuwa deshi, U+2013. Mama anayeshughulikia makaratasi ya ofisi hakukosea lolote. Aliandika kama anavyoandika barua, na programu ya kuandikia barua ikamrembea.

Murang'a ndiyo iliyonikalisha.

Ni kaunti moja tu kati ya 47 yenye ritifaa katika jina lake, kwa hiyo kwenye orodha hii lilikuwa tatizo la mstari mmoja. Lakini kwetu sisi alama hiyo haimo pembeni mwa lugha. Bila hiyo hakuna ng'ombe, hakuna ng'ambo, hakuna Lang'ata wala Chang'ombe, na nusu ya daftari la darasa lina akina Ng'ang'a. Na ndani ya kompyuta ritifaa haina sura moja. Ile iliyonyooka ya kwenye kibodi ni U+0027, thamani yake 39. Word huibadilisha kuwa iliyopinda, U+2019. Simu za iPhone tangu iOS 11 hufanya vivyo hivyo, isipokuwa mwenye simu aizime tabia hiyo. Kwenye nyaraka za kale nimekuta hata ile ya U+2018 inayopinda upande wa kufungulia, na wengine wamebonyeza kitufe cha juu kushoto kwenye kibodi wakapata alama nyingine kabisa. Kwa jicho zote ni Murang'a. Kwa `==` ni kaunti tofauti.

Unicode ina alama yake kwa ajili ya ritifaa inayofanya kazi ya herufi: U+02BC. Kwa haki hiyo ndiyo ingefaa kwenye ng', maana pale ritifaa ni sehemu ya sauti na haifungi nukuu yoyote. Ina faida ya wazi: programu zinazokata sentensi kuwa maneno huihesabu kuwa herufi, kwa hiyo haziivunji Murang'a ikawa `Murang` na `a` kama zinavyofanya zikikutana na ritifaa ya kawaida. Sijawahi kuona kibodi ya huku inayoitoa, na kwa maoni yangu kuilazimisha kwenye hifadhidata ambayo watu wataitafutia kwa simu zao ni kujitafutia kesi. Nilichoshauri ni kuzikubali zote zinapoingia na kuhifadhi moja, iliyonyooka, kwa ajili ya kulinganisha.

Kuna aliyeshauri ritifaa ifutwe kabisa, Murang'a iwe `muranga`, yaishe. Kwa orodha ya kaunti ingepita. Kwa maandishi ya kawaida ya Kiswahili ingeharibu, kwa sababu ng'oa na ngoa ni maneno mawili. Na uwe macho na `title` ya Python, ile ya kuweka herufi kubwa mwanzo wa kila neno: ukiipa `murang'a` inakurudishia `Murang'A`. Nimeliona kosa hilo limechapwa kwenye kadi za watu.

Kusafisha mlangoni

Kijana alitaka kuongeza `if` moja kwa kila kaunti iliyokuwa inagoma. Nilimkataza. Ukianza hivyo utakuwa unaongeza `if` kila mwezi, na baada ya mwaka hakuna atakayejua ipi inashughulikia nini. Maandishi yanasafishwa mahali pamoja, yanapoingia, na upande wa pili wa ulinganisho unapitia fanksheni ileile. Ukisafisha faili bila kusafisha anachoandika mtumiaji, umehamisha tatizo kutoka Word kwenda iPhone.

```
BADILI = str.maketrans({
    "\u2018": "'", "\u2019": "'", "\u02bc": "'", "`": "'",
    "-": " ", "\u2010": " ", "\u2011": " ",
    "\u2013": " ", "/": " ",
})

def safisha(neno):
    neno = neno.translate(BADILI)
    return " ".join(neno.split()).casefold()

with open("kaunti.txt", encoding="utf-8-sig") as faili:
    kaunti = {safisha(m): m.strip() for m in faili if m.strip()}

assert len(kaunti) == 47
```

Mstari wenye `split` na `join` unabeba mzigo mkubwa kuliko unavyoonekana. `split` bila kupewa kitu hukata kwenye nafasi nyeupe yoyote, ikiwemo alama ya mstari mpya, nafasi isiyokatika, na nafasi mbili zilizochapwa kwa bahati mbaya. `join` huunganisha kwa nafasi moja ya kawaida, na `casefold` hugeuza herufi kubwa kuwa ndogo. Homa Bay ikapona hapo, na mikia yote ikaanguka, bila hata kuhitaji `rstrip`.

Vistari, deshi na mkwaju nimevigeuza kuwa nafasi kwa makusudi. Katiba yenyewe inaandika Taita/Taveta na Elgeyo/Marakwet kwa mkwaju, Tharaka-Nithi kwa kistari, na Trans Nzoia bila kitu. Magazeti huandika Taita-Taveta na Trans-Nzoia. Huwezi kumlaumu mtu wa kujitolea aliyeko Wundanyi kwa kutojua ipi imo kwenye faili lako. Baada ya kusafishwa zote ni `taita taveta`.

Angalia pia kwamba jina la asili halikutupwa. Lililosafishwa ni ufunguo wa kulinganishia, na lenye sura yake kamili limebaki kwa ajili ya kuonyeshwa kwa watu. Hakuna mwananchi wa Nyeri anayetaka kuona `nyeri` kwenye ripoti.

Ile `assert` ya mwisho, inayosimamisha programu sharti lake lisipotimia, wengi huiona pambo. Kila usafishaji unafuta tofauti fulani, na swali ni kama umefuta tofauti iliyokuwa na maana. Kama kaunti mbili zingegeuka kuwa ufunguo mmoja, orodha ingebaki na 46 na programu ingekataa kuanza. Afadhali ikatae asubuhi kuliko ichanganye ripoti kimyakimya. Kwa sababu hiyohiyo fanksheni hii isipelekwe kwenye maneno ya siri, wala kwenye namba za usajili ambazo kistari chake kina kazi.

Majina yasiyo na uchafu

Hata baada ya hapo, ripoti kadhaa ziliendelea kukataliwa. Safari hii hapakuwa na alama iliyojificha. Watu walikuwa wanaandika Nairobi, na Katiba inasema Nairobi City. Walikuwa wanaandika Muranga, maana kwenye simu ya kabambe, ile ya vitufe, kuitafuta ritifaa ni safari. Hapo hakuna usafishaji unaofaa. Programu haiwezi kujua kwamba Nairobi na Nairobi City ni kitu kimoja mpaka iambiwe. Tuliweka faili dogo la majina mbadala, `nairobi` inaelekezwa `nairobi city`, `muranga` inaelekezwa `murang'a`, na kila jina linalokataliwa linaandikwa pembeni ili mtu alitazame jioni na kuamua kama linastahili kuongezwa.

Kulikuwa na wazo la kutumia ulinganisho wa kukisia, unaokubali jina lililokaribiana na lililomo. Nililipinga na bado nalipinga. Kitui na Kisii zinatofautiana kwa herufi mbili. Programu inayokisia itamhamisha mtu kutoka Ukambani hadi Gusii bila kumwomba ruhusa, na ripoti itaonekana safi. Jina lisilojulikana liulizwe.

Nikapendekeza namba za kaunti, 001 ya Mombasa hadi 047 ya Nairobi, nikidhani namba itamaliza ubishi. Faili la namba likaja kutoka Excel, na Excel ilikuwa imezila sifuri zote za mbele. Katika Python `"001" == "1"` ni uongo. Katika PHP ni kweli, kwa sababu `==` ya PHP ikiona stringi mbili zinazosomeka kama namba huzilinganisha kama namba, hata `"1e3"` na `"1000"` kwake ni sawa. Mtu wa PHP anahitaji `===`. Sisi tulichagua maandishi ya tarakimu tatu, `zfill(3)`, na kuifanya hiyo sehemu ya usafishaji. Watu wa kujitolea walikataa kukariri namba, kwa hiyo fomu inapokea jina au namba, na ndani ya mfumo namba ndiyo inayotumika.

Halafu seva. Kuna hati fupi ya bash, lugha ya amri za Linux, inayosoma orodha ileile usiku na kutuma muhtasari, mzunguko wa `while read -r mstari`. Muhtasari ulikuwa hauna Nairobi City kamwe, na kaunti nyingine zote zilitoka na alama ya ajabu mwishoni. Windows humaliza mstari kwa baiti mbili, 13 na 10, mila iliyotoka kwenye mashine za teleprinta, ambako moja ilirudisha kichwa cha kuchapia mwanzo wa mstari na nyingine ilisogeza karatasi. Python hufungua faili la maandishi na kuzigeuza zote mbili kuwa moja, ndiyo maana hatukuiona ile 13 tulipochapisha kwa `ascii`. Bash haigeuzi chochote. Na `read` ikifika mwisho wa faili bila kukuta alama ya mstari mpya hurudisha jibu la kushindwa, hata kama imesoma jina zima, kwa hiyo mzunguko unakoma kabla ya kulitumia. Kaunti ambayo ilikuwa ya pekee kukubaliwa na Python ndiyo ya pekee iliyopotea kwenye bash, kwa sababu moja ileile. Amri ya `cat -A` inaonyesha yote mawili kwa mara moja: `^M$` mwisho wa kila mstari, na jina la mwisho halina kitu.

Kwenye hati tulibadilisha mstari wa juu ukawa `while read -r mstari || [ -n "$mstari" ]`, na ile 13 ikaondolewa kwa `tr -d '\r'` kabla ya kusomwa.

Kilichobaki ni jaribio linaloendeshwa kila msimbo unapobadilishwa. Nilitaka kijana atengeneze faili lenye maradhi yote haya, akalitengeneza vizuri, akaliweka kwenye Git, mfumo wa kutunza matoleo ya msimbo. Wiki iliyofuata jaribio lilikuwa linafaulu hata msimbo ulipovunjwa makusudi. Kihariri cha mwenzake kilikuwa kimelifungua faili, kikaongeza alama ya mstari mpya mwishoni, na Git kwa mpangilio wa `core.autocrlf` ikazigeuza baiti za mwisho wa mistari. Faili lilikuwa limeponywa na wasamaria wema. Sasa halihifadhiwi tena. Jaribio lenyewe linaliandika upya kila mara, baiti kwa baiti:

```
MBAYA = (b"\xef\xbb\xbfMombasa\r\n"
         b"Tharaka \xe2\x80\x93 Nithi\r\n"
         b"Murang\xe2\x80\x99a\r\n"
         b"Homa\xc2\xa0Bay\r\n"
         b"Nairobi City")

with open("mbaya.txt", "wb") as faili:
    faili.write(MBAYA)
```

Ile `"wb"` ni ya lazima. Ukifungua kwa `"w"` Python itakataa baiti hizo, na ukizigeuza kuwa maandishi ili ikubali, kwenye Windows kila `\r\n` itaandikwa `\r\r\n`.